Barua ya wazi kwa mabaraza ya Kiswahili: nchi moja, majina matatu, na swali la mtoto wa darasa la sita

Kwa:
Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA),
Baraza la Kiswahili la Zanzibar (BAKIZA),
Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki.

YAH: OMBI LA KUSANIFISHA JINA LA NCHI INAYOANDIKWA "KEPUVEDE", "CAPE VERDE" NA "CABO VERDE"

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga, na kwa miaka mingi nimefundisha Maarifa ya Jamii, somo ambalo ndani yake mtoto hukutana na ramani ya Afrika kwa mara ya kwanza. Ninawaandikia kwa sababu ya swali nililoulizwa darasani, ambalo siku ile nililijibu vibaya, na ambalo hata nikilijibu vizuri leo bado sina kitabu cha kumfungulia mtoto ili aone kwamba mwalimu wake hajabuni.

Nilikuwa nimewagawa wanafunzi wa darasa la sita katika makundi matano, kila kundi na karatasi yake ya manila na kalamu ya wino mzito, waandike nchi zote za Afrika. Makundi manne yalileta nchi 54 au pungufu ya hapo. Kundi la tano lilileta 55. (Umoja wa Afrika nao ukiulizwa utasema wanachama wake ni 55, lakini hiyo ni habari ya Sahara Magharibi, na watoto wale hawakuwa na habari nayo.) Nikaipitia orodha yao kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka nikaona kilichotokea: juu waliandika Cabo Verde, waliyoinakili kutoka kwenye ramani mpya ya ukutani, na chini waliandika Kepuvede, waliyoitoa kwenye kitabu. Binti aliyekuwa katibu wa kundi akanisogelea akauliza, "Mwalimu, hizi ni nchi jirani?" Kabla sijafungua kinywa, mwenzake akalisoma lile la kwanza kwa sauti kwa kufuata herufi alizofundishwa, akasema "Chabo Verde", na darasa zima likaangua kicheko, maana hakuna mtoto wa mjini asiyejua kwamba kupiga chabo ni kuchungulia.

Nikawanyamazisha, nikasema kwamba ni nchi moja yenye majina mawili, kama mtu mwenye jina la shule na jina la nyumbani. Jibu lilipita, kengele ikalia. Lakini halikuwa jibu la kweli. Mtu mwenye majina mawili amepewa yote na watu wanaomjua. Hapa jina moja ni la nchi yenyewe, na jingine ni kosa la mpita njia tulilolinakili sisi bila kuuliza.

Jina lenyewe ni la Kireno na maana yake ni nyepesi: "cabo" ni rasi, "verde" ni kijani. Katikati ya miaka ya 1440 mabaharia wa Kireno waliokuwa wakiambaa pwani ya magharibi ya Afrika, wakiwa wameshachoka kuona mchanga wa Sahara siku nenda siku rudi, walifika kwenye rasi iliyochomoza baharini ikiwa na miti na majani, wakaiita Cabo Verde. Nahodha anayetajwa kwa safari hiyo ni Dinis Dias. Rasi hiyo haimo katika nchi ninayoizungumzia, ambayo yote ni visiwa. Imo Senegali, na juu yake leo umekaa mji wa Dakar. Ndiyo ncha ya bara letu iliyokwenda magharibi kuliko zote. Visiwa vilifikiwa zaidi ya miaka kumi baadaye, kati ya 1456 na 1460, vikiwa havina watu, na kwa kuwa vilikuwa mkabala na ile rasi, yapata kilomita 570 ndani ya bahari, vikaitwa kwa jina lake, yaani visiwa vya Rasi ya Kijani. Mtoto wa Tanga huelewa upesi akiambiwa kwamba ni kama kisiwa cha mbali huko Bahari ya Hindi kupewa jina la Raskazone, rasi ya hapa kwetu Tanga.

Ndiyo maana jina haliendani na ardhi. Visiwa ni kumi, tisa vina watu na kimoja, Santa Luzia, hakina. Mvua huko ni ya miezi michache, kuanzia mwishoni mwa Julai hadi Oktoba, tena iwapo itanyesha. Kisiwa cha Sal kimepewa jina la chumvi na cha Fogo jina la moto, kwa kuwa ndani yake umo mlima wa volkano wenye urefu wa mita 2,829 uliolipuka tena Novemba 2014. Ukame wa miaka ya 1940 ulileta njaa iliyoua makumi ya maelfu ya watu. Kijani cha jina hili, basi, hakitafutwi kwenye ramani ya mvua; kinatafutwa machoni mwa baharia aliyeiona Senegali.

Waingereza walipolipokea jina hili hawakulitafsiri na hawakuliacha. Walilikata kiuno: nusu ya mbele wakaigeuza Kiingereza, wakapata "Cape", na nusu ya nyuma wakaiacha katika Kireno, "Verde", ambayo wengi wao hawajui maana yake wala hawaitamki kama Mreno anavyoitamka. Kwa karne kadhaa waliliandika kila mmoja kwa mkono wake. Charles Darwin, ambaye meli yake ilitia nanga Praia, mji mkuu wa leo wa visiwa hivyo, Januari 1832, aliandika "Cape de Verd", na wengine waliondoa hilo "de" na kubaki na "Cape Verd". Baadaye umbo la "Cape Verde" likashinda, mara pamoja na neno la visiwa, mara bila. Tena kwenye ramani zao jina hilo hilo lilisimama mara mbili, mara moja kwenye rasi ya Dakar na mara moja kwenye visiwa, bila msomaji kuambiwa kwamba kati ya jina na jina pana safari ya siku kadhaa kwa jahazi. Wafaransa angalau walitafsiri lote wakapata "Cap-Vert". Anayetaka kuona ajabu ya nusu tafsiri ajaribu kuiita Dar es Salaam "Nyumba es Salaam", kisha aitazame barua iliyoandikwa anwani hiyo.

Kisha tukaja sisi. Badala ya kumwendea mwenye jina, tuliusikiliza mdomo wa Mwingereza na kuandika tulichosikia: "Kepu" kutoka katika ile nusu iliyotafsiriwa, "vede" kutoka katika ile iliyoachwa, na herufi r ikamezwa njiani. Hivyo Kepuvede ni nakala ya nakala. Umbo hili nimelikuta katika orodha za majina ya nchi zilizowekwa kwenye programu za kompyuta na katika vitabu vya watoto. Redioni nimesikia "Kepi Vedi" na "Kape Verde" katika taarifa ya habari ile ile, kwa kinywa cha mtangazaji yule yule. Sisemi kwamba aliyebuni Kepuvede alikuwa mzembe. Alifanya kazi yake kwa uaminifu, kwa kufuata sauti za Kiswahili, ila alianzia mahali pasipostahili.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba lugha yetu ina njia yake ya zamani ya kupokea Kireno, na haikupitia London. Wareno walifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, wakaanza kujenga ngome yao Mombasa mwaka 1593, wakatolewa humo mwaka 1698. Katika miaka ile 200 ya kupigana, kufanya biashara na kucheza karata, wazee wetu walichukua walichotaka kwa sikio lao wenyewe: "mesa" ikawa meza, "bandeira" ikawa bendera, "lenço" ikawa leso, "vinho" ikawa mvinyo, na "igreja", ambayo kwao ni kanisa, kwetu ikawa gereza, jambo ambalo linaeleza mengi kuhusu jinsi watu wa pwani walivyoliona jengo lile lenye kuta nene. Hakuna hata neno moja kati ya hayo lililongoja Mwingereza alitamke kwanza. Sikio lililoweza kutengeneza leso kutokana na "lenço" linashindwaje na "Cabo Verde", jina ambalo kila neno lake linaishia kwa irabu kana kwamba lilizaliwa Pangani?

Tena jambo hili tayari tunalifanya, ila hatujaliona. Ng'ambo ya mto Ruvuma, ukivuka kutoka Mtwara, kuna jimbo la Msumbiji ambalo tangu Oktoba 2017 limekuwa katika habari zetu kwa sababu ya mashambulizi ya watu wenye silaha. Jimbo hilo tunaliita Cabo Delgado. Ramani za zamani za Kiingereza ziliandika "Cape Delgado", lakini sijamsikia mtangazaji wa Kiswahili akisema Kepudelgado, na namshukuru Mungu. "Delgado" ni nyembamba. Ni Rasi Nyembamba. Ni neno lile lile la "cabo", kutoka lugha ile ile na kwa mabaharia wa taifa lile lile. La jirani tumelipokea kutoka kwa jirani, na la mbali tumelipokea kutoka kwa mtu wa tatu.

Na hiyo nchi ya mbali haiko mbali nasi kiasi hicho. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na mwezi Oktoba 1965 vyama vya ukombozi vya makoloni ya Kireno vilifanya mkutano wao wa pili katika mji huo huo, ambapo Amílcar Cabral alisimama na kuhutubia. Chama alichokiongoza kilikuwa na nchi mbili ndani ya jina lake, Guinea (ndiyo Guinea-Bisau ya leo) na Cabo Verde. Cabral aliuawa Conakry tarehe 20 Januari 1973. Visiwa vikapata uhuru tarehe 5 Julai 1975, siku kumi tu baada ya Msumbiji. Mzee wa Dar es Salaam aliyekuwa kijana miaka ile na aliyekuwa akifuatilia habari za ukombozi alilijua jina hilo kwa Kireno chake kabla hajalijua kwa Kiingereza cha mtu yeyote.

Kwa walio wadogo, njia ni mpira. Oktoba 2018 Taifa Stars walikwenda Praia wakafungwa mabao 3–0, wakarudi Dar es Salaam, na siku nne baadaye wakashinda 2–0 katika Uwanja wa Taifa, ushindi uliotusaidia kwenda Kombe la Mataifa ya Afrika la 2019 baada ya kulikosa tangu 1980. Nakumbuka mechi ile kwa sababu mbili. Ya kwanza haihitaji maelezo. Ya pili ni kwamba katika banda tulimoangalizia mpira, mtu aliyekuwa nyuma yangu aliuliza kama hawa Cape Verde ndio wale wa Cape Town, na aliyemjibu akasema ndiyo, ni kusini huko huko. Kosa hilo halikutokana na ujinga wake. Limo ndani ya jina: ukimpa mtu "Cape" tupu, ataipeleka kwenye "Cape" anayoijua.

Oktoba 2013 serikali ya nchi hiyo iliuarifu Umoja wa Mataifa kwamba jina lake halitafsiriwi tena na kwamba katika lugha zote iitwe Cabo Verde. Umoja wa Mataifa ulikubali, na mashirika mengine makubwa yakafuata. Kwa Kiingereza chenyewe mambo bado ni mchanganyiko, baadhi ya magazeti yamehama na mengine yamebaki na la zamani. Ila tazameni jambo moja. Tarehe 13 Oktoba 2025 timu ya visiwa hivyo iliifunga Eswatini mabao 3–0 mjini Praia na kufuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Asubuhi yake nilisoma habari hiyo kwa Kiswahili mahali kadhaa, na katika kichwa kimoja cha habari aliyefungwa aliitwa Eswatini, jina alilolichukua mwaka 2018, na mfungaji akaitwa Cape Verde, jina aliloliacha miaka mitano kabla ya hapo. Aliyeshindwa alipewa heshima yake na mshindi akanyimwa. Nilicheka, kisha nikakata ukurasa ule nikauweka.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni pingamizi la haki. Kwa nini serikali ya watu wengine ituamulie maneno ya lugha yetu? Tunasema Misri, Ugiriki, Uholanzi, Uajemi, na hatujamwomba mtu ruhusa. Hata hao Wareno hawajiiti Wareno. Jina hilo husemwa kuwa limetokana na neno lao "reino", yaani ufalme, ambalo wazee wetu walilisikia likitajwa sana na wakalifanya jina la kabila. Mimi nami nisingependa kuona Misri ikifutwa kwenye vitabu kwa barua ya wizara yoyote. Lakini Misri ni jina tulilolirithi kwa biashara, kwa dini na kwa mashairi, na mzizi wake umekwenda chini karne nyingi. Ureno ni jina tulilolitunga sisi wenyewe kutokana na tulichokisikia kwa masikio yetu. Kepuvede haina urithi wa namna hiyo. Hakuna shairi lililoitaja, hakuna nahodha wa Lamu aliyeisema, hakuna bibi aliyeiimba. Kuitetea kwa hoja ya uhuru wa lugha ni kama kulilinda shamba la mtu mwingine kwa panga letu, kwa kuwa tunachokilinda hapo ni mazoea ya Kiingereza, ambayo wenye Kiingereza wenyewe wameanza kuyaacha.

Mwenzangu wa ofisini amenikumbusha kwamba watu wa visiwa hivyo kwa sensa yao ya 2021 hawafiki nusu milioni, akauliza kama kweli wanastahili wino wote huu. Nikamwambia kwamba Shelisheli wana watu wachache kuliko hao, na jina lao la Kiswahili ni tamu na linakaa mdomoni, na jina la Komoro vilevile, kwa kuwa tuliyapata majina hayo kwa kuvuka bahari.

Sasa nije kwenye herufi, maana hapo ndipo kicheko cha darasani kilipoanzia. Kiswahili hakina c peke yake. Mtoto akiiona huitafutia h, na akiipata tunafika kwenye chabo. Kwa hiyo ninapendekeza jina liandikwe Kabo Verde, kwa k, maneno mawili. Yupo atakayesema kwamba tukibadilisha c tumekwisha kulitafsiri jina na tumevunja ombi la mwaka 2013. Sioni hivyo. Kubadilisha herufi ili sauti ibaki ile ile si kutafsiri. Tunaandika Kameruni na Msumbiji, na hakuna aliyelalamika. Zaidi ya hayo, Wakaboverde wenyewe wana lugha yao ya nyumbani, Kriolu, ambayo karibu kila mmoja wao huizungumza, na katika alfabeti ya ALUPEC, iliyokubaliwa na serikali yao kwa majaribio mwaka 1998, sauti hiyo huandikwa kwa k: "Kabu Verdi". Mwanakijiji wa kisiwa cha Santiago anayeandika lugha ya mama yake kwa alfabeti hiyo huanza jina la nchi yake kwa herufi ile ile ninayoiomba. Nakiri kwamba nilivutwa na hilo umbo la Kriolu, Kabuverdi, ambalo linaingia katika Kiswahili kwa ulaini hata kuliko la Kireno, lakini nikaona kwamba msomaji atakayelikuta jina kwenye pasipoti, kwenye jezi au kwenye ramani ni lazima aweze kulitambua, na o na e za Kireno zinamsaidia. Kuhusu r iliyo mbele ya d, isiwatishe: anayeweza kusema ardhi anaweza kusema Verde.

Kwa watu wake, Mkaboverde na Wakaboverde, neno moja, kama nilivyokwisha kuandika hapo juu bila kuwaomba radhi. Kwa lugha yao, Kikrioli cha Kabo Verde. Upatanisho ufuate wa nchi nyingine: Kabo Verde imefuzu, Kabo Verde imetangazwa na Shirika la Afya Duniani, Januari 2024, kuwa haina malaria. (Habari hiyo ya mwisho ingepaswa kubandikwa katika kila zahanati ya mkoa wetu, na ninashuku kwamba haikubandikwa kwa sababu, pamoja na mengine, hakuna aliyejua aandike jina gani.)

Lipo jambo jingine ambalo Kiswahili kinaweza kulifanya vizuri kuliko Kiingereza. Ile rasi ya Dakar, iliyo asili ya yote haya, nayo inahitaji jina katika vitabu vyetu vya jiografia, na hapo tafsiri inafaa kabisa, kwa kuwa ni sura ya nchi na si taifa lenye bendera. Iitwe Rasi ya Kijani. Rasi ni neno letu lililotoka Kiarabu, ambako maana yake ni kichwa, na "cabo" ya Kireno ukiifuata hadi kwenye Kilatini unafikia neno la kichwa pia, kwa hiyo tafsiri hii haipotezi hata tone. Tukiandika Rasi ya Kijani kwa Senegali na Kabo Verde kwa visiwa, mtoto atajua kwa jina tu kipi ni ardhi na kipi ni taifa. Ramani za Kiingereza ziliishi karne nyingi bila kumpa msomaji wake msaada huo.

Siombi kwamba kila jina lililoachwa na Wareno kwenye pwani za Afrika lifumuliwe. Kameruni, iliyotokana na mto walioupa jina la kamba wa majini, Siera Leoni, waliyoiita kwa simba, Gaboni, kwa joho lenye kofia, na Natal, kwa sababu walipita hapo wakati wa Krismasi ya mwaka 1497, yote yametulia na wenyewe wameyakubali. Zaire tuliiona ikija kwa jina la uhalisi wa Kiafrika mwaka 1971, kumbe ni neno la Kikongo lililopita katika kinywa cha Mreno, na tukaiona ikiondoka mwaka 1997. Hayo yanafaa kufundishwa, si kubadilishwa. Jina moja tu ndilo ambalo wenyewe wameomba, sisi tuna uwezo wa kulitimiza kwa sauti zetu, na bado tunaliandika kwa namna tatu.

Ninachokiomba kwenu ni hiki. Mkae pamoja, Bara, Visiwani na Kamisheni, na kuwashirikisha wenzetu wa Kenya, mtoe umbo moja sanifu la jina hili pamoja na jina la watu wake. Mkishaliamua, lisiishie kwenye kumbukumbu za kikao: lifike kwa wachapishaji wa vitabu vya kiada, kwa vyumba vya habari, kwa watunga mitihani na kwa wanaotengeneza orodha za lugha za simu na kompyuta, maana hao wa mwisho husomwa na watu wengi kuliko kamusi yoyote. Tangu Februari 2022, Kiswahili kilipopitishwa kuwa lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika, suala hili limetoka darasani kwangu. Mjumbe kutoka Praia hukaa Addis Ababa nyuma ya kibao kilichoandikwa Cabo Verde, na mkalimani wa Kiswahili aliye katika kibanda chake ni lazima aamue, kwa nusu ya sekunde, amwite mtu huyo nani. Kama mtaona kwamba Kabo Verde haifai na kuna umbo bora zaidi, nitalipokea na kulifundisha kesho yake. Nisichoweza kukipokea ni kuendelea kuachiwa niamue mwenyewe, kwa sababu mwalimu wa shule ya pili ataamua vingine, na watoto wetu watakutana kwenye chumba kimoja cha mtihani.

Ile karatasi ya manila ya kundi la tano ninayo bado, imekunjwa ndani ya kabati la ofisi pamoja na ule ukurasa wa mpira. Nchi zote 55 zimo, sijakata hata moja. Binti aliyeiandika sasa yuko sekondari na hupita shuleni kwetu kumchukua mdogo wake. Mkinijibu, nitampa kalamu aikate mwenyewe ile inayostahili kukatwa.

Wenu katika ujenzi wa lugha,

Mwalimu wa Maarifa ya Jamii,
Tanga